Kisa cha Mzee Kau na Kumbukumbu za Kikao

Jengo la Fuk Shing,
Ghorofa ya 5, Chumba B,
Sham Shui Po,
Hong Kong.
9 Machi 2018

Mpendwa Hoi-lam, binti wa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Hujambo huko Lima? Kile kikohozi cha mwezi wa kwanza kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Na goti la baba yako linaendeleaje? Mwambie dada yake amesema aache kupanda ngazi kwa kukimbia, hakuna anayemtazama.

Mimi mzima. Ila huu ni mwezi wa tatu, na unyevu umetuingia mpaka kwenye mito. Kuta zinatoka jasho, na nguo nilizofua Jumapili bado zinalia jikoni. Kwa umri wangu mtu huanza kuhisi kwamba naye ameanikwa mahali pasipo na jua.

Picha yako ya mahafali nimeiona. Umenenepa kidogo, na nalisema hilo kwa furaha. Mwambie mama yako kwamba yale maganda ya machungwa aliyoniomba yamekauka vizuri sana, nitayatuma kwa mtu anayesafiri mwezi ujao. Asinunue ya huko.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeandika kwamba mwalimu wako wa Kikantoni amekufundisha kuwa mtu mcheshi ana yaumak, na ulipomwambia mama yako kwamba ana yaumak, akakuuliza kama umeanza kuumwa tena.

Mwalimu wako hajakosea, mwanangu. Yaumak ni neno safi, la magazetini na la hotuba. Lakini mtu akikuchekesha mezani husemi ana yaumak. Unasema housiu, anachekesha. Na akikuvunja mbavu kwa jambo ambalo hukutakiwa kulicheka kabisa, unapiga paja unasema daisei! Yaani huyu anastahili kufa, huyu afe tu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Tafadhali usiiandike kwenye mtihani. Mimi niliiandika mahali, na nusura Bibi Mak wa ghorofa ya saba apelekwe polisi akiwa na miaka themanini na minne. Ngoja nikusimulie.

Mzee Kau, mlinzi wetu wa mlangoni, hukumkuta ulipokuja ukiwa mdogo. Alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya mianzi kwenye majengo marefu, mpaka mguu ukamkatalia. Amekaa kwenye meza yetu ya chini miaka kumi na moja, na redio yake, na chupa yake ya chai. Mwembamba, masikio makubwa, na uso ambao hauchekicheki. Anasema neno lake kisha anatazama pembeni, kama si yeye.

Kampuni inayosimamia jengo hutuletea matangazo yake kwa lugha ya juu. “Wakazi wanaarifiwa kwamba huduma ya lifti itasitishwa kwa muda kwa ajili ya matengenezo. Usumbufu utakaojitokeza unasikitikiwa.” Mzee Kau huyabandika ukutani kama alivyoagizwa. Halafu chini yake anabandika karatasi yake mwenyewe, kwa kalamu nene, kwa lugha ile ile tunayosemea sokoni: “Lifti imechoka. Imeomba ruhusa. Wa ghorofa ya nane, poleni. Wa ghorofa ya kwanza, nyie mnaulizia nini?”

Watu walikuwa wakishuka kwa miguu ghorofa nane wakiwa wamenuna, wakifika chini wanasoma, wanaondoka wakicheka. Mimi sikucheka. Unajua nilifundisha lugha miaka thelathini na minne. Nilikuwa nikisimama mbele ya zile karatasi na kalamu nyekundu inaniwasha mkononi. Mtu anaandikaje ukutani maneno ambayo hayaandikwi, yanasemwa tu?

Halafu mwezi wa kumi nikapoteza miwani. Siku tatu nilikuwa naona ukungu. Siku ya tatu nikashuka, nikakuta watu wamekusanyika ukutani kwenye tangazo jipya. Nikasogea. Nikasogea zaidi, mpaka pua ikagusa karatasi. Nyuma yangu nikasikia mtu anajizuia, mwingine anakohoa, halafu wote wakapasuka kwa kicheko. Mama wa ghorofa ya pili ndiye aliyenisomea:

“Imeandikwa hivi: ‘Kuna miwani imeokotwa kwenye ngazi. Mwalimu Szeto, kama huwezi kusoma tangazo hili, ni yako.’”

Hoi-lam, nilichukua miwani yangu, nikasema asante, nikapanda ngazi nikiwa nimenyooka kama fimbo. Nilipofika ndani nilikaa kitandani na viatu vyangu. Miaka thelathini na minne watoto walisimama nilipoingia darasani. Na sasa naitwa kipofu na mtu ambaye haandiki hata herufi zake kwa mpangilio.

Hilo nimekueleza ili uelewe kilichofuata. Sisemi ili unionee huruma.

Mwezi wa kumi na moja wakatangaza kwamba maji yatakatwa siku nzima ili kusafisha tangi la juu. Mzee Kau akabandika karatasi yake: “Kesho hakuna maji tangu asubuhi. Wenye kuoga waoge leo. Bwana Fok, wewe endelea na shughuli zako.”

Bwana Fok ni mwenyekiti wa kamati ya wenye nyumba. Zamani alikuwa mkubwa kwenye forodha, na mpaka leo akikuona na mfuko wa ununuzi anautazama kama anataka ufunguliwe. Aliichana ile karatasi, lakini jengo zima lilikuwa limeshaisoma, na mama wa ghorofa ya pili alikuwa ameipiga picha. Jioni hiyo hiyo akaitisha kikao cha dharura.

Mimi ndiye katibu. Hakuna mwingine anayetaka kazi hiyo. Tulikaa pale chini kwenye viti vya kukunja, watu kumi na tisa, na Mzee Kau mwenyewe amesimama kando ya masanduku ya barua na mikono nyuma. Bwana Fok akasema suala hili ni zito, linahusu heshima ya ofisi, na akaagiza lile tangazo lisomwe kwa sauti ili liingie kwenye kumbukumbu.

Nikalisoma. Nilipofika kwenye “endelea na shughuli zako”, Bibi Mak alipiga paja lake, pa! “Daisei! Jamani, huyu mzee daisei, afe tu!” Machozi yalimtoka. Na watu wote wakacheka mpaka viti vikalia. Mtu mmoja alianguka, kwa kuwa viti vyenyewe ni vya zamani.

Bwana Fok akanigeukia, shingo nyekundu. “Katibu, andika. Kila kitu kilichosemwa. Neno kwa neno, na kwa lugha rasmi.”

Sasa nikiri. Nilirudi nyumbani, nikatengeneza chai, nikakaa mezani kuandika safi. Nilijua fika maana ya Bibi Mak. Ningeweza kuandika kwamba mjumbe mmoja alimsifu mlinzi kwa yaumak wake, na mambo yangekwisha pale. Lakini nilikumbuka pua yangu kwenye karatasi. Nikaandika: “Bi Mak wa ghorofa ya saba alieleza kwamba mlinzi anastahili kifo. Wajumbe wote waliunga mkono kwa shangwe.” Nikasoma tena. Kisarufi haikuwa na kosa hata moja. Nikapiga muhuri, nikaipeleka kwenye kampuni.

Nilidhani watampa onyo dogo, nami nitalala vizuri. Sikujua kwamba pale kampuni idara ya malalamiko ilikuwa imepata mkuu mpya, Bi Han, mtu wa Harbin, kaskazini kabisa. Kikantoni alikuwa anajifunza jioni, kama wewe. Aliposoma kumbukumbu zangu hakuona utani wowote. Aliona watu kumi na tisa wamekubaliana kumuua mlinzi.

Wiki iliyofuata Mzee Kau hakuwepo mezani. Kampuni ilikuwa imemhamisha “kwa usalama wake” kwenda kulinda maegesho ya magari ya chini ya ardhi huko Tuen Mun, mwisho kabisa wa njia, mahali ambapo kuanzia asubuhi mpaka jioni anaona taa za magari tu. Kwenye meza yake wakaweka kisanduku cha sauti. Ukifungua mlango, sauti ya mwanamke inasema, “Karibu. Tafadhali zingatia usafi na utulivu.” Ukitoka inasema hivyo hivyo.

Bibi Mak alijaribu kuzoeana nacho. Nilimkuta asubuhi moja amesimama mbele yake na mkokoteni wake wa sokoni.

“Umekula?” alikiuliza.

“Karibu. Tafadhali zingatia usafi na utulivu.”

“Nimekuuliza kama umekula, mwanangu, sijakuuliza habari ya usafi.”

Siku mbili baadaye alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa na bahasha ya kampuni mkononi. Bibi Mak hasomi. Alianza kazi ya kushona mifuko akiwa na miaka tisa. Kila barua yake namsomea mimi, tangu mumewe alipofariki. Akakaa kwenye kiti changu cha jikoni, akavua kandambili, akasema, “Haya, Mwalimu, soma. Natumai ni habari za lifti.”

Nikasoma kimoyomoyo kwanza. Ilikuwa barua ya onyo. Ilisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, aya ya nne, yeye Bi Mak ametishia maisha ya mfanyakazi mbele ya mashahidi, na kwamba akirudia, suala litafikishwa polisi.

“Inasemaje?”

Nilimsomea. Sikuwa na la kufanya. Nilijaribu kuyalainisha, lakini lugha ile hailainiki.

Akauliza taratibu, “Mimi ndiye niliyemfukuza Mzee Kau?”

“Hapana, Bibi.”

“Lakini wameandika ni mimi. Nilisema afe. Kweli nilisema. Watu walisikia.” Akavaa kandambili zake, mguu wa kushoto kwa kulia. “Mdomo huu. Marehemu alikuwa akiniambia, mdomo huu utakuja kunifunga.”

Kesho yake nilipopanda kumwangalia, nilikuta begi dogo mlangoni. Alikuwa ameweka ndani kandambili mpya, fulana mbili za joto, dawa zake za presha na mfuko wa samaki wakavu. Nikamuuliza ni za nini. Akasema hajui chakula cha mahabusu kikoje, na tumbo lake halipokei kila kitu.

Mwanangu, ningecheka kama mwandishi wa ile aya asingekuwa mimi. Nilimwambia afungue begi, hakuna atakayemgusa. Nikarudi kwangu nikaketi mezani pale pale.

Niliandika barua ndefu kwa kampuni. Nilieleza kwamba neno lililotajwa kwenye aya ya nne, katika mazungumzo ya kila siku ya watu wa hapa, ni sifa anayopewa mtu mwenye yaumak wa kiwango cha juu. Niliomba mlinzi arudishwe. Sikusema kwamba nilijua hayo tangu mwanzo.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. “Tumepokea maelezo yenu kwamba mlinzi ana yaumak. Tumepitia mkataba wake wa kazi na hatukuona yaumak miongoni mwa majukumu yake. Hata hivyo, ili tuweze kutathmini, tafadhali wasilisheni mfano mmoja wa yaumak huo kwa lugha rasmi, ukiwa umesainiwa na mwenyekiti.”

Nikakaa siku nzima natafsiri ule utani wa maji. Jaribu mwenyewe uone. Nilichopata mwisho kilikuwa hiki: “Mwenyekiti hana haja ya kuchukua hatua za tahadhari, kwa kuwa desturi zake za usafi wa mwili hazitegemei upatikanaji wa maji.” Nilisoma kwa sauti jikoni. Ilikuwa kama kumwona amekaushwa samaki uliyemjua alipokuwa hai.

Na hiyo ndiyo karatasi niliyotakiwa kumpelekea Bwana Fok aisaini.

Aliisoma mara mbili amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. “Mwalimu Szeto, unataka nisaini kwamba sigusi maji?”

“Nataka usaini kwamba ni utani, Bwana Mwenyekiti.”

“Yule bwana wa ghorofa ya pili amenitumia sabuni kwa mkono wa mkewe. Sabuni! Ya maua!”

“Najua.”

“Mimi naoga kila siku.”

“Sina shaka.”

“Jumapili mara mbili.”

Tulitazamana. Nyuma yake redio ilikuwa inazungumza peke yake na chumba kilikuwa kimepangwa kama ofisi. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba kile kisanduku cha sauti kilimwambia azingatie usafi mara nne jana, na kwamba Mzee Kau angalau alikuwa akisema mara moja tu. Akanyoosha mkono apewe kalamu. Lakini kwa sharti: kikao kijacho kumbukumbu zirekebishwe, na isomeke rasmi kwamba mwenyekiti huoga kila siku, na Jumapili mara mbili. Nilikubali. Imo. Aya ya pili. Ukija nitakuonyesha.

Basi Bi Han akaja mwenyewe, tarehe ishirini na nne mwezi wa kwanza. Tulikuwa tumemfikiria mkubwa mwenye kitambi. Alikuwa mwanamke mdogo wa miaka thelathini hivi, koti zito, daftari, na macho yenye usingizi wa mtu anayesoma jioni baada ya kazi. Mzee Kau alikuwa ameitwa kutoka Tuen Mun. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya kile kisanduku, kofia magotini.

Bi Han alizungumza Kikantoni chake polepole, kila neno limepigwa pasi. “Nimesoma nyaraka zote. Mfano uliowasilishwa sikuuelewa. Labda kosa ni langu. Kwa hiyo ningependa kusikia mwenyewe. Bwana Kau, tafadhali, chekesha.”

Hoi-lam, ningekuwa na uwezo ningepiga marufuku mtu kuambiwa hivyo.

Mzee Kau alisimama. Aliikunja kofia, akaikunjua. Watu kumi na tisa tulimwinamia kama tunaokota kitu. Bibi Mak alikuwa ameshaanza kutabasamu ili amsaidie, na tabasamu likaganda pale pale.

“Zamani,” alisema Mzee Kau, “nilipokuwa fundi wa mianzi, tulikuwa ghorofa ya kumi na mbili, mimi na mwenzangu. Yeye alikuwa anapenda kuimba. Basi siku moja anaimba, akasahau alipo.” Akanyamaza. “Akaanguka.”

Bi Han aliandika. “Aliumia?”

“Miguu yote miwili.”

“Pole sana. Na sehemu ya kuchekesha?”

Mzee Kau alitazama sakafu. “Nadhani hapo kulikuwa na kitu,” alisema. “Kimenitoka.”

Kile kisanduku kikasema, “Karibu,” kwa kuwa upepo ulikuwa umesukuma mlango. Nikamwona Bi Han anafunga kifuniko cha kalamu, na nikajua mtu akishafunga kalamu hivyo, jambo limekwisha. Mzee Kau alikuwa tayari ameanza kuketi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, masikio yale makubwa yamewaka mekundu, kama mwanafunzi aliyesahau shairi mbele ya wazazi. Nimewaona wengi hivyo. Sikuwahi kumwacha hata mmoja amesimama pale peke yake.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya lugha ya juu, nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa.

“Bi Han, mimi ndiye katibu,” nilisema, kwa lugha ile ya sokoni. “Kosa ni langu. Nilipoteza miwani. Siku tatu sioni kitu, nagonga milango, nampa shikamoo mfuko wa taka. Yeye akaiokota, akabandika tangazo ukutani. Nikaenda kulisoma, pua hii hapa kwenye karatasi, jengo zima limesimama nyuma yangu. Imeandikwa, ‘Mwalimu Szeto, kama huwezi kusoma tangazo hili, ni yako.’”

Kicheko kimoja kilitoka pembeni, kikajificha.

“Nilikasirika. Nilikaa nayo moyoni wiki nzima na zaidi. Ndipo Bibi Mak aliposema daisei, nami nikaandika kwamba kasema mlinzi anastahili kifo. Nilijua maana. Mimi ni mwalimu wa lugha, naijua kuliko wote humu. Nililiandika kwa makusudi, kwa sababu ya miwani.”

Nilimsikia Bwana Fok akisema “Ah!” kama aliyefungua sanduku akakuta alichokuwa anakitafuta. Bibi Mak aligeuka kunitazama, mdomo wazi. Alitazama begi la mkononi mwake, maana alikuwa amekuja nalo, hakuniamini. Alinitazama tena.

“Wewe?” alisema. “Wewe Mwalimu? Nikanunua kandambili mpya?” Akapiga paja. “Daisei! Mwalimu, wewe ndiye daisei!”

Bi Han akafungua kalamu haraka. “Samahani. Hapo, ni sifa au ni tishio?”

Na Mzee Kau, akiwa bado amekaa, anatazama pembeni kama si yeye, akasema, “Kwa leo, Bi, andika zote mbili.”

Jengo zima lilipasuka. Bwana Fok alishika ukuta. Na Bi Han, nilimwona, alijizuia, akaziba mdomo kwa daftari, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alipopata sauti alisema kwamba kwao Harbin, mama yake akimfurahia humwita “msichana maiti we”, na kwamba hakuwahi kuwaza hilo likiandikwa kwenye kumbukumbu za kikao lingesomekaje. Akafuta macho. Akaomba radhi kwa Bibi Mak, kwa kuinama. Bibi Mak akampa samaki wakavu kutoka kwenye begi.

Mzee Kau alirudi mezani kwake Jumatatu iliyofuata. Kisanduku kimechukuliwa, sijui kinakaribisha nani sasa. Mimi niliomba kujiuzulu ukatibu, lakini walipouliza nani atachukua, wote wakakumbuka wana chakula kinachoungua jikoni.

Usidhani nilisamehewa siku ile. Bibi Mak alinipita kwenye ngazi siku nane bila neno, na barua zake akawa anazipeleka kusomewa duka la dawa. Siku ya tisa akaniletea bakuli la supu ya mizizi ya yungiyungi. Mizizi yenyewe ilikuwa imebaki kwake. Wiki hii nimeona kipande kimoja ndani, nadhani tunaelekea pazuri.

Na Mzee Kau aliniambia jambo asubuhi moja tulipokuwa wawili tu pale chini. “Mwalimu, ile ya miwani iliniuma baadaye. Sikujua kama huoni kiasi kile. Nilifikiri utacheka.”

“Nilicheka,” nilimwambia.

“Lini?”

“Juzi.”

Akatikisa kichwa, kama fundi anayekubali kwamba kazi nyingine huchukua muda.

Kampuni imeweka sharti moja tu. Kila tangazo lake sasa liwe kwa lugha rasmi, na lipitiwe na katibu kabla ya kubandikwa. Nilijua litamuua yule mtu. Kwa mwezi mzima alileta karatasi zilizokauka, “wakazi wanaarifiwa”, “wakazi wanakumbushwa”, nami namsahihishia herufi, anashukuru, anaondoka anachechemea. Sikulala vizuri.

Jana akaja na ya tatu. Wanakuja kupulizia dawa ya mende Alhamisi. Aliiweka mezani kwangu, akatazama dirishani. Iliandikwa hivi: “Wakazi wote wanaarifiwa kwamba dawa ya kuua mende itapuliziwa siku ya Alhamisi, saa nne kamili. Wakazi wanaombwa kufunika vyakula na kuondoka majumbani kwa muda wa saa mbili. Mende wamearifiwa kwa barua tofauti.”

Nilichukua kalamu nyekundu. Nilitafuta kosa kwenye kila mstari, kwa bidii yote ya miaka thelathini na minne. Hakuna. Nikapiga muhuri, nikamrudishia, nikafunga mlango. Halafu nikalazimika kushika sinki, mbavu zikiniuma.

Nisalimie sana baba yako na mama yako. Mpe mkono mjomba wako Chiu-yin kwa kupata mjukuu, na mwambie shangazi yenu Pui-san kwamba mapishi yake ya bata nimeyajaribu, jirani alidhani kuna moto. Mbusu kaka yako Kwan-ho hata akikimbia. Mwezi ujao tutafagia kaburi la babu yako. Nitamtajia jina lako na kumwambia umehitimu.

Mbingu zikulinde, zikupe afya, mume asiyenuna, na watu wa kucheka nao karibu.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye kutoka mbali,

Szeto Wai-fong